Kura zilipigwa Kabul, uamuzi ukatoka Washington

Anayesema demokrasia iliishinda Afghanistan kwa sababu "utamaduni wao hauiwezi" huwa namkumbusha Herat. Juni 2014, siku ya duru ya pili ya uchaguzi wa rais, Taliban waliwakata vidole wapiga kura 11 mkoani humo, vidole vyenye wino wa uchaguzi. Vitisho vilikuwa vimetangulia, na watu walipanga foleni hivyo hivyo. Hao utawaambiaje kwamba kura si yao?

Tatizo naliona kwingine. Matokeo ya uchaguzi huo yalipozua ubishi kati ya Ashraf Ghani na Abdullah Abdullah, msuluhishi aliyetua Kabul alikuwa John Kerry, waziri wa mambo ya nje wa Marekani. Wakagawana: Ghani akawa rais, Abdullah akapewa utendaji mkuu, cheo ambacho katiba ya 2004 haikijui. Tume ya uchaguzi ikamtangaza mshindi bila kutaja hesabu ya kura. Yaani watu wanakatwa vidole, halafu hata hesabu hawasomewi!

Mchezo ulianza mapema. Juni 2002 iliitishwa loya jirga, baraza kuu ambalo Waafghani wamelizoea tangu zamani. Wajumbe wengi walimtaka Zahir Shah, mfalme aliyepinduliwa mwaka 1973, aongoze nchi. Kabla hawajaamua, mjumbe wa Marekani, Zalmay Khalilzad, akawaambia waandishi wa habari kwamba mzee hagombei. Chombo cha wenyeji cha kushauriana kilikuwepo, kikapindwa mkono siku za mwanzo kabisa.

Kisha kuna fedha, na hapa ndipo penye kiini. Takriban robo tatu ya matumizi ya serikali ililipwa na wafadhili. Rais aliteua magavana wa mikoa yote 34. Gavana alimtazama rais, rais akawatazama wafadhili, na mkulima wa mkoani Helmand hakuwa na wa kumwajibisha. Kodi yake haikuiendesha serikali, basi hasira yake ingemtisha nani?

Wapo wanaonitajia Japani na Ujerumani baada ya 1945, kama mfano kwamba demokrasia yaweza kupandwa na wageni. Japani ilikuwa na bunge tangu 1890, na Wajerumani walishapiga kura miongo mingi kabla ya Hitler. Walirudishiwa kitu walichokuwa nacho.

Katika uchaguzi wa rais wa mwaka 2019 waliojiandikisha Afghanistan walikuwa milioni 9.6, kura halali zikawa kama milioni 1.8 tu. Machi 2020 Ghani na Abdullah wakaapishwa siku moja, kila mmoja kwa sherehe yake, mji ule ule. Wakati huo Marekani ilikwishatia saini mkataba na Taliban wa kuondoa majeshi yake, huko Doha, Qatar, tarehe 29 Februari. Serikali ya Kabul haikuwa na kiti kwenye mazungumzo hayo, na mkataba wenyewe uliahidi kuachiwa kwa wafungwa wa Taliban hadi 5,000 waliokuwa katika magereza yake.