Maziwa Hamsini na Sita, Nauli Mia

Muulize Mnairobi yeyote ni supamaketi gani yenye bei nafuu, atakujibu kwa uhakika wa mtu anayetaja timu yake ya mpira. Huyu Naivas, yule Quickmart, wa tatu anaapa kwamba hakuna kama Carrefour, na hakosekani mzee mmoja anayeomboleza Nakumatt, iliyokuwa ikifungua saa 24 na ikatuachia kadi za pointi ambazo siku hizi zinafaa kukwangulia barafu kwenye friji. Wote wamekosea pamoja. Supamaketi nafuu haipo. Upo unga nafuu, yapo mafuta nafuu, ipo tishu nafuu, na kwa mkosi wetu kila kimoja kinaishi chini ya paa lake.

Tuanze na maziwa, maana hapo ndipo macho hudanganywa mapema. Zamani pakiti ilikuwa mililita 500, basi. Siku hizi pakiti imekonda kimyakimya: ipo ya 500, ipo ya 450, ipo ya 400, zimepangwa bega kwa bega na zote zina ng'ombe anayetabasamu. Tuseme ya 500 ni shilingi 60, ya 450 ni 56, ya 400 ni 50. Mkono unaenda wenyewe kwenye ya 50. Hebu toa simu, gawanya bei kwa mililita, zidisha kwa 100. Ya kwanza ni shilingi 12 kwa kila mililita 100. Ya pili ni 12.44. Ya tatu, ile yenye bei ya huruma, ni 12.50. Umelipa zaidi ili unywe chai ya rangi.

Mkate ni yale yale, ila mkate una kipaji cha kuvimba. Usiupime kwa macho wala kwa kuubonyeza (nyinyi mnaobonyeza mikate ya watu kisha mnairudisha, Mungu anawaona). Gramu zimeandikwa kwenye karatasi. Ukikuta wa 400 ni shilingi 65 na wa 800 ni 130, hujaokoa hata senti kwa kubeba mkubwa, na wa 600 wa shilingi 100 ni ghali kuliko wote wawili. Kama nyumbani mko wawili na hamna friji, siku ya nne ule mkubwa umeota ndevu za kijani, nawe unalisha kuku wa jirani mkate wa kununua.

Kwenye mafuta ya kupikia, tazama chupa yenye kiuno. Kile kiuno si urembo; hapo ndipo mililita 100 zilipokwenda. Lita moja kwa 320 ni nafuu kuliko mililita 900 kwa 295, ingawa mfukoni inaonekana vingine. Halafu wapo wanaolinganisha kilo na lita kana kwamba ni mapacha. Mafuta ni mepesi kuliko maji: lita moja ina uzito wa gramu 920 hivi, kwa hiyo kilo moja ya mafuta inazidi lita kidogo. Kabla hujapiga kelele kwamba hapa wanaibia watu, angalia kwanza kama dumu limeandikwa kilo au lita.

Na tishu! Tishu ni shahada ya kujitegemea. Pakiti ya roli 10 hapa, pakiti ya roli 10 pale, tofauti shilingi 40. Nani aliwahi kuhesabu karatasi? Idadi imeandikwa pembeni kwa herufi za sisimizi: roli moja ina karatasi 200, nyingine 130, na hiyo ya 130 imezungushwa kwenye bomba pana la kadibodi ili isimame kifua mbele. Wewe gawanya bei kwa jumla ya karatasi, uangalie pia kama ni ya safu moja au mbili. Wageni watakucheka wakikuona na kikokotoo mbele ya tishu. Waache, nao siku yao inakuja.

Lebo ya rafuni nayo ina hila zake. Iliyo chini ya sukari ya kilo 2 huenda ni ya sukari ya kilo 1, kwa kuwa mteja aliyekutangulia alibadili nia akaitua pakiti pale alipokuwa amesimama. Usisome bei kabla hujasoma jina, uzito na tarakimu nne za mwisho za ile namba ndefu chini ya mistari myeusi. Zikifanana na za kwenye pakiti, bei ni yako. (Maadamu tuko hapo: namba ikianza na 616, maana yake ni kwamba ilisajiliwa Kenya. Kama ni mchele, haimaanishi ulilimwa kwenye mashamba yetu ya Mwea.) Kisha ipige lebo picha. Bei za ofa hubadilishwa mahali pawili, kwenye kompyuta na kwenye karatasi ya rafuni, na karatasi inamtegemea kijana wa zamu ambaye ana rafu mia na miguu miwili. Karatasi inasema 199, mashine ya keshia inasema 235. Mwenye picha anasema tu, "Dada, hebu angalia hapa," na mambo yanaisha. Asiye na picha anarudishwa rafuni, foleni nzima ikimtazama mgongo kana kwamba ndiye aliyezima stima ya mtaa. Na useme kabla ya kulipa, huku macho yako kwenye kile kioo cha bei. Risiti ikishatoka lazima aitwe msimamizi, na msimamizi daima yuko ghorofa nyingine.

Sasa njoo kwenye siri ambayo haiuzwi. Bei ya unga, sukari, maziwa na mkate kila mtu anaijua kichwani, hata asiyejua bei ya kitu kingine chochote. Wenye supamaketi nao wanajua kwamba tunaijua. Hapo ndipo wanapokunjiana mashati, shilingi mbili juu, shilingi tatu chini, mabango ya rangi nyekundu hadi barabarani. Faida inatafutwa kwenye vitu visivyo na mtu wa kuvikariri: pegi za kuanikia nguo, betri za rimoti, bizari, dawa ya mende, chujio la chai. Nani anajua chujio la chai ni bei gani? Unaingia kwa ajili ya unga uliopunguzwa shilingi 9, unatoka na chujio lililopandishwa 60, na njia nzima unajisifu kwa ule unga.

Rafu pia hazikupangwa na malaika. Vya bei kali viko usawa wa macho, vya bei ya kawaida viko usawa wa magoti, maziwa na mkate viko mwisho kabisa wa jengo ili upite kwanza kwenye biskuti, na peremende ziko kwa keshia, kimo cha mtoto wa miaka minne aliyechoka kusimama. Ukimwona mzee amepiga magoti kwenye njia ya mchele, usidhani anasali. Anatafuta ile ya nembo ya supamaketi yenyewe, ambayo mara nyingi imepakiwa na kiwanda kingine kabisa. Geuza pakiti, soma nyuma pameandikwa imepakiwa na nani. Sukari ni sukari, na chumvi ni chumvi. Kwa hizo nunua iliyo chini bila kujiuliza. Kwa mchele, jaribu pakiti ya kilo moja kwanza, uangalie kupitia nailoni ni punje ngapi zilizovunjika, maana zilizovunjika hugeuka uji kabla maji hayajakauka.

Ofa ya tatu kwa bei ya mbili ni punguzo la theluthi, hapo hesabu haina ubishi, mradi wewe ulihitaji tatu. Kama ni mtindi unaoisha muda Alhamisi na leo ni Jumanne, umenunua mbili na kazi ya kula. Tarehe itazame kabla ya bei. Mzigo mpya hupangwa nyuma na wa zamani husukumwa mbele, kwa hiyo nyoosha mkono hadi ufike ukutani. Isipokuwa unapika leo leo: hapo chukua wenye kibandiko cha kupunguzwa bei, uende nao moja kwa moja jikoni bila kupitia kwa rafiki.

Mboga za supamaketi zina baridi nzuri na bei ya baridi hiyo. Nyanya zao zinapimwa kwa kilo na za mama mboga kwa fungu, ndiyo maana watu wanabishana miaka yote bila mshindi. Dawa ni moja: siku moja lipeleke fungu kwenye mizani ya nyumbani. Ukipata gramu 350 kwa shilingi 30, kilo ni shilingi 86 hivi, na ubishi umekwisha. Ila mizani haihesabu kwamba mama mboga anakukatia sukuma wiki bure, anakutupia dania juu, na akikuona umenyong'onyea tarehe 20 anaandika kwenye daftari. Jaribu kumwambia keshia akuandikie kwenye daftari. Kwenye nyama, sehemu yoyote ile, tazama mizani isome sifuri sahani au karatasi ikiwa tayari juu yake, la sivyo unanunua karatasi kwa bei ya steki.

Tuje kwenye ugonjwa wenyewe: kuzunguka. Mtu anasikia maziwa ni shilingi 56 kule badala ya 62 hapa. Anataka pakiti 10, kwa hiyo anaokoa 60. Matatu kwenda 50, kurudi 50, na mvua ikinyesha makanga anaikumbuka ile nauli nyingine. Ameshapoteza 40 kabla hajafika. Akifika, kwa kuwa amekwenda mbali, anaona aibu kurudi na maziwa tu, anaongeza soseji. Mfuko kausahau nyumbani, na tangu ile marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 hakuna wa kumpa bure, kwa hiyo ananunua mwingine wa kujiunga na wenzake 17 walio nyuma ya mlango wa jikoni. Salio likipungua, Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, inamalizia, na Fuliza nayo ina ada zake. Maziwa ya 56 yamefika nyumbani kwa 80, yametikisika hadi yanakaribia kuwa siagi.

Anayetaka kulinganisha kweli halazimiki kutembea. Achukue vitu 12 ambavyo nyumba haikosi kila mwezi: unga, sukari, mafuta, mchele, maziwa, majani chai, chumvi, sabuni ya kufulia, ya kuogea, dawa ya meno, tishu, kiberiti. Aandike bei pamoja na uzito, akitazama risiti za sehemu mbili au tatu alizo nazo njiani kwenda na kutoka kazini. Risiti azipige picha siku hiyo hiyo, kwa kuwa ile karatasi hufifia kwa jua. Ukiiacha kwenye dashibodi wiki moja inabaki nyeupe kama dhamiri ya mtoto. Baada ya miezi mitatu ataona mwenyewe kwamba vingi vinatofautiana kwa chenji ya peremende, na ni vitatu au vinne tu vinavyostahili kusubiriwa ofa: mafuta, sabuni, tishu, mchele. Hivyo haviozi. Vinunuliwe vya miezi miwili wakati bei imeshuka, ambayo kwa kawaida ni kuanzia tarehe 25 mishahara inapoingia, si katikati ya Njaanuari wakati rafu na wateja wote wamenuna.

Chenji ya peremende nimeitaja, lazima nimalizane nayo. Bei ni 199, umetoa mia mbili taslimu. Ile sarafu ya shilingi moja yenye twiga ilitoka mwaka 2018, na inaonekana twiga wote walirudi mbugani. Unapewa peremende. Siku ukiwalipa kwa peremende, wanakuita mgonjwa. Lipa kwa M-Pesa ya namba ya till, hapo 199 ni 199 na twiga wako anabaki kwenye simu.

Halafu lipo lile bango la "Pakiti 4 kwa kila mteja". Wengi hudhani ni uchoyo. Si uchoyo. Ofa ya supamaketi ikishuka sana huwa chini ya bei ambayo mwenye kioski hupewa kwa jumla, kwa hiyo huyo ndiye mteja wa kwanza mlangoni saa mbili asubuhi. Yuko foleni ya kwanza na pakiti 4 za unga. Mkewe yuko foleni ya pili na pakiti 4. Kijana wao yuko ya tatu, mtu wa boda yuko ya nne, na wote wanne hawatazamani, kama watu waliogombania shamba. Ikifika saa tano rafu ina lebo ya njano tu, na wewe ndiyo kwanza unashuka kwenye matatu. Unakwenda supamaketi ya pili, ya tatu, giza linaingia, sufuria inachemka nyumbani. Unasimama mbele ya wavu wa kioski cha mtaani, unapitisha noti. Bei ya kawaida, hakupunguzii hata shilingi. Anakupitishia pakiti, na kwenye kona yake kuna nusu ya kibandiko cha ofa ambacho hakikubanduka vizuri.