Kurabu wa Malindi: sumu tutie, na jaa je?

Juzi kuku wangu alitoka na vifaranga tisa. Kufikia adhuhuri walikuwa wanne. Kurabu, hawa kunguru wa Bara Hindi, walikuja wawili: mmoja akamchokoza mama mtu kwa mbele, na alipogeuka kupigana, wa pili akashuka kwa nyuma na kunyakua.

Kunguru hafugiki, na huyu wa Bara Hindi ndiye hasa. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ale taka za mji. Mwaka 1947 alishaonekana Mombasa, na sasa ameenea Watamu na Malindi, anamaliza mayai na makinda ya ndege wetu, na mama karanga, yule mkaangaji samaki, akigeuka kidogo tu, samaki hana. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja kwa sumu iitwayo Starlicide.

Kuna majirani hawataki hata kuisikia. Wanauliza: paka akila mzoga je? Akiangukia kisimani? Maswali ya haki, na anayeleta sumu mtaani ana wajibu wa kuyajibu mapema, nyumba kwa nyumba. Jibu lenyewe lipo. Sumu hii huchanganywa na nyama, ikawekwa pale ambapo kurabu wameshazoeshwa kula. Humharibu figo, naye hufa polepole, saa kadhaa au hata siku moja mbili baadaye. Kwa wakati huo mwili wake umeshaivunja sehemu kubwa, ndiyo maana hatari kwa anayekula mzoga ni ndogo.

Mimi naiunga mkono. Kinachonitia shaka ni kwamba iliwahi kutumika hapa pwani, kurabu wakapungua, ilipokoma wakarudi tele.

Nenda ufuoni wakati mashua zinatua. Samaki wanapasuliwa pale pale, matumbo na matamvua yanatupwa mchangani, na kurabu wamejipanga ukutani wakingoja zamu. Ukiua nusu yao na chakula kikabaki kile kile, nusu iliyosalia itashiba maradufu na kulea makinda zaidi. Tena, wakiisha, yale matumbo atayazoa nani? Kwa hivyo siku ya kutega nyama ufuoni, mapipa yenye vifuniko yawe yameshafika, na gari la taka lipite kila jioni.

Vifaranga wanne waliobaki nimewafunika kwa tenga. Mama yao analizunguka tangu asubuhi.