Kereng'ende wa kwenye friji mi sikubaliani naye

Wiki iliyopita jamaa yangu mmoja kanitumia picha ya kereng'ende, wale wembamba wanaokunja mbawa mgongoni wakitua, jicho limekamatwa vizuri, matone ya maji mwili mzima, yaani picha kali. Nikamuuliza umempata wapi huyo. Akaniambia kawaida tu, nilimkamata na neti jana yake nikamweka kwenye kopo, kopo nikaliweka kwenye friji usiku kucha, asubuhi nikamtoa akiwa hajiwezi nikamkalisha juu ya ua la bustanini nikampulizia maji. Nikauliza baadaye aliruka? Hakuruka.

Hili jambo linaniuma kweli na najua sio yeye peke yake, hii mbinu inafundishwa na watu kabisa.

Kwa Kiswahili wote tunawaita kereng'ende ila wapo wa aina mbili. Wale wanene wanatua mbawa zimetandazwa na wengi wao macho yanagusana juu ya kichwa. Hawa wembamba mwili ni kama njiti, macho yametengana, moja kulia moja kushoto, na wengi wao wakitua mbawa wanazikunja. Utotoni tulikuwa tunawafunga uzi mkiani tunakimbia nao mpaka mkia unakatika, hatukuwa na ubaya, hatukujua. Sasa hivi nina miaka ya kutosha na nina lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, nimeshamwona kwa karibu, siwezi tena kusema sikujua.

Na ukweli ni kwamba friji haihitajiki kabisa, maana baridi ya alfajiri inaifanya kazi hiyo bure. Nenda kwenye nyasi za kando ya bwawa saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijapanda, utamkuta amelala kwenye unyasi, umande umejipanga kwenye ukingo wa mbawa tone kwa tone, na hawezi kuruka mpaka apate joto. Unakuwa na kama nusu saa hivi. Ukimsogelea anafanya kitu nakipenda sana, anazunguka taratibu anajificha nyuma ya unyasi, mwili wote unapotea ila macho yanabaki yamechomoza pande mbili, moja huku moja kule, anakuchungulia. Ukihama kulia na yeye anahamia upande wa pili. Ukitulia kimya ukasubiri anarudi mwenyewe, anainua mguu wa mbele anajifuta jicho kama mtu aliyetoka usingizini. Hiyo picha utaipata wapi kwenye ua la bustani na mdudu aliyeganda?

Ufundi ni mgumu sikatai. Ukipiga ukubwa wa moja kwa moja, yaani mdudu aonekane kwenye sensa ya kamera kwa saizi yake halisi, kwenye f/8 (kipimo cha uwazi wa lenzi) sehemu inayokamata fokasi ni kama milimita 1 tu, ukivuta pumzi imepotea. Dawa yake ni kukaa ubavuni kwake kabisa, kamera iwe sambamba na mwili kuanzia jicho mpaka ncha ya mkia, na kivuli chako kisimpite maana kikimgusa tu kaondoka. Flashi iwekee karatasi nyeupe mbele mwanga ulainike. Na kama unamkuta anang'aa mbawa kama nailoni mpya na rangi bado imepauka, huyo katoka majini muda si mrefu, mwili bado laini, usimguse hata kwa kidole, ukimshika tu mbawa zinaharibika basi.

Mara ya mwisho nilikuwa Morogoro, kwenye kijito kinachoshuka kutoka milima ya Uluguru. Pale kuna kereng'ende mwembamba anaitwa Platycypha caligata, dume mgongo wake ni bluu inayowaka, na miguu yake imepanuka, upande mmoja nyeupe upande wa pili nyekundu. Nilikaa juu ya jiwe miguu ndani ya maji zaidi ya saa moja sipati kitu, jua lilipoingia kwenye kijito ndio jike akatua kwenye gogo lililooza, wanapenda hapo kwa sababu ndipo wanapotaga, na dume akaja akaelea hewani mbele ya uso wake akimtingishia ile miguu, weupe unapepea kama leso, anarudi nyuma kidogo, anakuja tena. Picha nilizopiga ni nyingi na zilizokamata fokasi ni 3. Hizo 3 sibadilishani na mtu. Huyo dume ukimtia kwenye friji utapata rangi ya bluu, sawa, lakini ngoma yake hutaipata, na mimi nadhani ngoma ndiyo yeye mwenyewe.

Halafu kuna hili la kumtoa kwao. Watu wanasema si nitamwachia baadaye, unamwachia wapi? Wengine hawa wanaishi kwenye kijito chenye kivuli tu, mbali na hapo hawana maisha. Pale Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, kuna kereng'ende mwembamba mwingine, Amanipodagrion gilliesi, yupo kwenye misitu ile tu na sio kwingine duniani, na yuko kwenye kundi la walio hatarini zaidi kutoweka. Mtu akipanda kule na neti na kopo kwa ajili ya picha moja anafanya kitu kibaya kweli jamani, hata kama hajui. Bora upige ulivyomkuta, ubavuni na kwa juu, mkia uonekane vizuri mpaka vile vikoleo vya mwishoni anavyomshikia jike, maana madume wengi wanatambulika kwa hivyo, uandike tarehe na mahali. Picha ya namna hiyo hata mtaalamu anaweza kuifanyia kazi. Ya kwenye ua la bustani itamwambia nini?

Jamaa hatujagombana, ni mtu wangu. Nimemwambia Jumamosi twende wote kijitoni, tunakutana stendi ya Msamvu saa kumi na moja alfajiri. Amekubali, kauliza kama aje na neti, nimemwambia iache, njoo na kitu cha kukalia.