Kopo Moja Tu la Rangi

Nani aliwaambia watu kwamba kupaka rangi kabati la zamani ni kubana matumizi? Namtafuta. Sina ubaya naye, nataka tu aje ashike upande wa pili tulisogeze.

Kwenye zile video jambo lenyewe ni dogo. Dada mwenye kucha ndefu na safi anachovya brashi, anaipitisha mara moja, muziki unalia, kabati limekuwa jipya. Hakuna jasho, hakuna vumbi, hakuna mtoto anayekuja kuegemea. Mama watoto akanisogezea simu mpaka puani: "Baba watoto, ni kopo moja tu la rangi." Kopo moja tu! Maneno hayo yamefilisi wanaume kuliko kamari.

Kopo la rangi halitembei peke yake, bwana. Linakuja na ukoo. Linataka msasa, na msasa nao una namba, na namba zenyewe zimepangwa kukomoa watu: 80 ndiyo inayokwaruza hasa, 220 ndiyo laini. Yaani namba inapanda, ukali unashuka! Unaanza na 80, unapita 120, unamalizia na 220, na kila moja inauzwa kivyake. Halafu linataka praima, ile rangi ya chini ambayo hakuna mgeni atakayeiona maishani mwake. Unanunua rangi ili uifunike kwa rangi. Linataka tepu ya karatasi ya kukinga kingo. Linataka brashi, na ukichukua ya bei ya chini inanyonyoka, kabati linaota ndevu. Na kama rangi ni ya mafuta, linataka tina ya kuoshea hiyo brashi uliyoikosea heshima.

Msasa nao huwezi kuukwepa. Rangi ya maji ukiipaka juu ya rangi ya mafuta inayong'aa, inakauka vizuri kabisa, inakuchekea, siku ukiigusa kwa ukucha inabanduka ngozi nzima. Sasa kabati letu tulirithi kwa babu, na babu hakuandika popote lilipakwa lini. Rangi za zamani zilikuwa na madini ya risasi. Marekani kwenyewe wamezipiga marufuku majumbani mwaka 1978. Vumbi lake ni sumu, na wanaoumia zaidi ni watoto. Kwa hiyo ukiwa na shaka hukwaruzi kavu: unalowesha kwanza, unavaa barakoa ya maana, si leso, na watoto unawahamisha. Nimefanya hivyo vyote. Mwenye kucha ndefu hakusema hata kimoja.

Mama watoto akataka rangi nyeupe. Lazima iwe nyeupe. Ukiipaka asubuhi, jioni yale macho ya mbao yanachungulia, madoa ya kahawia, kana kwamba mti unasema bado upo. Ni maji ya mti yenyewe yanapenya, na tabaka jingine la nyeupe halisaidii kitu, yanapenya tena. Dawa yake ni praima maalumu ya kuzuia madoa. Umeuona ukoo unavyoongezeka?

Washauri sasa. Nilipokuwa nasugua sikuona mtu. Nilipofungua kopo, wakajaa. Mmoja anasema ningepaka kijani. Mwingine anasema mbao hazipakwi rangi, zinapakwa vanishi, na anaondoka bila kueleza. Shemeji ndiye alichukua brashi kabisa. "Shemeji, tabaka moja nene linatosha, unajichosha bure." Nene! Tabaka nene linatiririka, linaganda likiwa na machozi. Mawili au matatu membamba, ukisubiri kila moja likauke, ndiyo kazi. Nikageuka kutafuta kitambaa, narudi ameshamaliza droo zote, mpaka kwenye kingo za ndani, na amezifunga zikiwa mbichi. Ananiangalia anasubiri ahsante.

Na kukauka si kukomaa. Ukigusa baada ya saa moja mkono hautoki na rangi, unadhani umemaliza. Rangi ya maji inaweza kuchukua wiki tatu hadi nne ndipo ikomae kabisa, na kwa muda wote huo ukiweka kitu kizito juu kinaacha alama. Kwa hiyo kabati lipo, zuri, jeupe, haliguswi. Nguo za familia nzima zimehamia kwenye kiti changu. Mimi nimehamia ukingoni mwa kitanda.

Droo ya juu inafunguka nusu. Ya katikati inafunguka ukikanyaga kabati kwa mguu mmoja ukavuta kwa mikono miwili. Ya chini rangi imeshikana na rangi, haitaki habari. Soksi zangu zote zimo humo. Asubuhi natoka nimevaa viatu vitupu, na shemeji, huyohuyo, ananiangalia miguuni anauliza siku hizi huo ndio mtindo?