Shamba Ni Lake, Mlango Ni Wetu

Kile kipande cha nondo kinaenea kwenye kiganja cha mtoto. Urefu wake ni kama pingili ya kidole, kimekatwa kwa tindo, na ncha moja imebondeka. Kiliingia kwa mama mdogo, huku Urambo, saa nne usiku Jumamosi iliyopita. Kilitoboa mlango wa bati wa jiko la nje kikaenda kukwama kwenye ukuta wa udongo. Muda mfupi tu kabla ya hapo, wajukuu wawili walikuwa wameegemea ukuta huohuo wakimenya karanga.

Mzee jirani alikuwa anafukuza nguruwe pori kwa gobore, na risasi yake ilikuwa kile kipande cha nondo. Asubuhi tulimfuata, hakukana. Alitupa pole, na nilimwona machozi yakimlengalenga. Kisha akasema neno lililoninyima usingizi wiki nzima: "Lakini wanangu, mimi nilipiga nikiwa shambani kwangu." Mwenyekiti wa kitongoji akatikisa kichwa kukubali, na shauri likaishia hapo.

Shambani kwako! Ekari yetu sisi ni hatua sabini kwa sabini. Hata mwenye ekari tano, kitu kilichotoka kwenye mtutu kinavuka mpaka wake kabla hajashusha silaha. Mpaka wenyewe ni mstari wa minyaa ambao hata mbuzi anaupita. Jembe lako linaishia kwenye minyaa, moshi wako tunauvumilia, lakini chuma ulichokirusha kikishavuka pale kiko kwangu, na mimi ndiye ninayepaswa kuulizwa kama nimeridhia.

Halafu ni usiku. Wanaolinda shamba juu ya dungu, lile jukwaa la miti, wanajua vizuri ninachokisema: mara nyingi mtu hapigi mnyama aliyemwona, anapiga mchakacho. Mahindi yakichakacha, anaelekeza. Na huku kwetu, msimu mahindi yanapokomaa ndio huohuo wa kukausha tumbaku. Watu wanakesha kwenye mabani, vibanda vya kukaushia tumbaku, wakichochea moto, wanapita kwenye vijia usiku wa manane wamebeba kuni. Vyoo viko nje. Ng'ombe hukata kamba, na anayetumwa kumfuata ni kijana wa miaka kumi na miwili. Wote hao wanachakacha.

Nakubali, nguruwe pori si mchezo. Kundi moja likiingia usiku, asubuhi unakuta nusu ekari imelala chini, na hiyo ilikuwa ada ya shule. Askari wa wanyamapori yuko mbali, na kifuta jasho hakijazi ghala. Sitaki mzee yule afe njaa.

Wapo watakaosema tatizo la silaha ni la Kigoma, mpakani, kwenye kambi za wakimbizi. Hapana. Unyamwezi tumekuwa na magobore tangu misafara ya pembe za ndovu, na mtemi Mirambo, ambaye wilaya hii imebeba jina lake, aliongoza watu wenye bunduki hadi alipofariki mwaka 1884. Magobore ya leo yanafuliwa na wahunzi wetu wenyewe.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015 inataka kibali, na asiye nacho akasalimishe silaha yake polisi. Hilo sina mjadala nalo. Lakini kibali peke yake hakigeuzi mtutu ukaacha kuelekea jikoni kwa mama mdogo. Hapo panahitaji sheria ndogo ya kijiji, na uwezo wa kuitunga tunao tangu Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya mwaka 1982: halmashauri ya kijiji inaandaa, mkutano mkuu unajadili, wilaya inaidhinisha. Tumetunga za mifugo na za kuchoma moto mashamba. Kwa nini si ya hili?

Iseme wazi kwamba hakuna kupiga kuelekea nyumba, njia wala bani. Apigaye awe juu ya dungu, mtutu ukielekea chini, ili kinachomkosa mnyama kizame ardhini. Awepo mwenzake wa kumulika tochi, na pasipigwe mpaka mnyama aonekane. Majirani waarifiwe jioni. Silaha isirudishwe nyumbani ikiwa imeshindiliwa na kuegemezwa nyuma ya mlango, mahali watoto wanapotafuta ndala zao. Na zile za kupiga hewani harusini zikome kabisa.

Mkutano mkuu wa kijiji ni mwezi ujao. Barua kwa mtendaji nimeshaipeleka. Nilitaka pia kununua bati jipya, mama mdogo akakataa. Tundu la mlango ameliziba kwa gunzi ili upepo usizime moto, na amewaambia vijana siku ya mkutano waung'oe mlango wenyewe wambebee. Yeye atabeba nondo.