Msiidharau Pangaboi

Abiria wanashuka kwenye basi la uwanjani Dar es Salaam, mmoja anaitazama ndege iliyo mbele yake na kuguna: "Kumbe pangaboi!" Yaani kaifananisha na feni ya darini. Nimelisikia neno hilo mara nyingi, na kila mara linaniuma. Sisi wa Kagera tunaijua barabara ya Dar mpaka Bukoba, zaidi ya kilomita 1,400, unafika miguu imevimba. Mama yangu alipoanza kutibiwa Dar, ndege ya mapanga ndiyo iliyomfikisha akiwa bado na nguvu ya kujieleza kwa daktari.

Ndiyo maana historia ya Precision Air, shirika la ndege la hapa Tanzania, naiona kama yetu sisi watu wa mikoani. Ilianza kuruka mwaka 1993 kutoka Arusha, ikiwa na Piper Aztec moja ya viti vitano, ndege ya kukodiwa na watalii. Mwanzilishi wake, Michael Shirima, alifariki mwaka 2023, na sidhani kama tulimshukuru vya kutosha. Miaka kumi baada ya kuanza, Kenya Airways ilinunua asilimia 49 ya hisa. Kisha zikaja ndege mpya za mapanga aina ya ATR kutoka Toulouse, Ufaransa: ATR 42 za viti 48 hivi na ATR 72 za viti 70. Mwaka 2012 kampuni ikakabidhiwa ATR 42-600 ya kwanza kutolewa kwa shirika lolote duniani. Watu tunaodharau mapanga tulipokea toleo jipya kabla ya Wazungu, na wengi hatukujua.

Ndege hii si ya kizamani. Ndani ya injini mna tabo (turbini, gurudumu linalozungushwa na hewa ya moto) kama ya jeti, ila nguvu yake kubwa inapelekwa kuzungusha panga. Mwendo wake ni kama kilomita 500 kwa saa, jeti inaipita mbali. Lakini Dar na Zanzibar ni dakika 20 hivi; jeti itapata wapi nafasi ya kuonyesha mbio zake? Safari fupi pangaboi inatumia mafuta kidogo, na inatua kwenye uwanja mfupi. Hata ule utaratibu wa kupandia mkiani, ambao wageni huushangaa, una sababu: mbele, nyuma ya marubani, kuna chumba cha mizigo. Na ukiona injini ya kulia inanguruma huku panga lake limesimama, usiogope. Limefungwa breki, injini inatoa umeme na hewa ya ndani.

Kwa maoni yangu kampuni ilipotamani jeti za kukodi, Boeing 737-300, ilijitoa kwenye kile ilichokijua vizuri. Mwaka 2011 iliuza hisa kwa umma, shilingi 475 kila moja, na fedha zilizopatikana hazikufika nusu ya zilizotarajiwa. Boeing zikaondoka, ATR zikabaki.

Siwezi kuisifu ndege hii nikainyamazia Novemba 6, 2022. Ndege ya safari namba PW494, ATR 42-500, ilianguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba. Walikuwamo watu 43, 19 walifariki. Nyumbani hatukula siku ile. Mkia ulibaki juu ya maji, na ni kwa mlango ule ule wa nyuma walionusurika walitokea. Wavuvi walifika kwanza na mitumbwi yao, akiwamo kijana Jackson Majaliwa.

Wiki ile nilisikia tena: "Si niliwaambia, pangaboi!" Hapana. Hata jeti kubwa ingeanguka pale, wavuvi wale wale ndio wangefika kwanza. Uwanja uliojengwa ufukweni unadai boti ya uokoaji, yenye mafuta, wazamiaji na mitungi ya hewa, ikiwa tayari kila ndege inapotua na kupaa. Hilo ndilo la kuwauliza wakubwa, kwa sauti, kila wanapokuja kuomba kura Kagera.

Mama alipanda tena mwaka uliofuata, kwenda kliniki. Aliomba kiti cha nyuma, karibu na mlango.