Alama zilikuwepo tangu wiki ya nne

Assalam aleikum. Nimesoma habari moja ya vyuo vya Marekani kufuatilia masomo yanayojaza wanafunzi na kufelisha wengi, hasa hesabu. California ilipitisha sheria 2017 ili wanafunzi wa vyuo vya jamii wasikwamishwe kwenye masomo ya matayarisho, yale ya kupitia kabla ya somo lenyewe la chuo. Sisi je? Mdogo wangu katoka Wete kuja chuo Unguja. Darasa la hesabu limejaa hadi madirishani, karatasi ya mahudhurio inazungushwa, wengine wanawasainia wenzao. Jaribio la kwanza, wiki ya 4, kapata 9 kati ya 40. Hakuna aliyemwita. Kaja kujua mwisho wa muhula, kalikuta jina lake ubaoni, orodha ya sapu, wale wa kurudia mtihani. Jamani, mkufunzi si alikuwa nazo zile alama? Angemwita siku ile ile, wiki zilikuwa bado nyingi!